Waliobadili Mawazo

Kazi yangu ni kukaa pembeni ya mtu anayehangaika na simu na kumwacha ahangaike. Sijapata namna nyingine ya kuieleza. Kampuni ikitengeneza aplikesheni, kabla haijaiachia kwa umma, inanituma nitafute watu wa kawaida, niwape simu, niwaambie cha kufanya, kisha ninyamaze. Nisisaidie. Nisionyeshe kwa kidole. Hata uso nisikunje. Mtu akikwama, ninaandika amekwama wapi na kwa nini, na wabunifu walioko Dar es Salaam wanaparekebisha pale. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alipoelezwa hivyo mara ya kwanza alinitazama kwa huruma. "Yaani unalipwa kumtazama mtu mzima akipata shida?" Siku hiyo nilicheka hadi nikashika mbavu. Sasa hivi ukiniuliza swali hilo tutagombana.

Nimepanga chumba Malangali, hapa Sumbawanga mjini, kwenye nyumba ambayo nusu ya wapangaji asubuhi wanatoka na mafaili na jioni wanarudi na majembe. Upepo wa miezi ya kiangazi unapita chini ya mlango wangu kama vile na wenyewe unalipa kodi. Ninafanya kazi na kompyuta mapajani, blanketi mabegani, na bando linaloisha kila ninapoanza kueleza jambo la maana. Watu wa Dar wananiuliza kwenye video kwa nini nimevaa koti. Jamani, njooni Sumbawanga mwezi wa saba mjionee wenyewe.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilitoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Kampuni hiyo huwapelekea wakulima wanachama wake mbolea kabla ya mvua, kisha inanunua mahindi yao baada ya mavuno. Kwa miaka yote mkulima alikuwa anakwenda dirishani kwa karani wao, anasema anataka mifuko mingapi, karani anaandika, mkulima anarudi nyumbani kungojea lori. Msimu huo waliamua kufunga madirisha yote. Kila mwanachama angeagiza kwa simu yake mwenyewe, na muda wa kuagiza ukishapita, umepita. Walitaka niijaribu aplikesheni hiyo na wakulima wa huku kabla haijaanza kutumika.

Niliposoma neno "kufunga" nililirudia kulisoma, maana mama mdogo alikuwa mwanachama.

Anakaa Kaengesa, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Mzee yule alipofariki, ukoo ulikaa ukakubaliana kwamba mjane abaki na shamba maadamu analilima mwenyewe na linaonekana limelimwa. Sasa udongo wetu wa Ufipa unajulikana, umechoka. Mahindi bila mbolea yanatoka ya manjano, yanafika kiunoni, yanakata tamaa hapo hapo. Msimu uliotangulia mama mdogo aliugua wakati wa kupanda, mbolea akaichelewesha, akavuna magunzi. Baada ya mavuno, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja akakaa sebuleni, kofia kaipakata mapajani. Nilikuwepo. Alisema kwa upole kabisa, "Shemeji, msimu unaokuja likitoka hivi tena, nitalilima mimi. Sisemi kwa ubaya. Shamba la kaka haliwezi kulala." Natamani angekuwa mtu mbaya, ningejua pa kuitupa hasira yangu. Lakini hakuwa mbaya. Mama mdogo akajibu, "Sawa, shemeji. Ni haki." Basi ikawa hivyo: apate mbolea kwa wakati, abaki na shamba lake; asipopata, aondoke kwenye udongo alioulima tangu alipoolewa.

Niliichukua kazi ile kwa mikono miwili. Nilijiambia afadhali niwe mimi kuliko mgeni wa Dar atakayekuja na ndege, akaona baridi, akaondoka.

Mpango uliotumwa ulikuwa mzuri kwa mtu ambaye hajawahi kuingia nyumbani kwa Mfipa. Ulisema nusu saa kwa kila mtu, mmoja akitoka mwingine anaingia, mchana mzima. Nilicheka peke yangu chumbani. Huwezi kuingia kwa watu Kaengesa ukatoa simu mfukoni kabla hujakaa, kabla hujaulizwa habari za nyumbani, za safari, za mvua ya upande wenu, za yule mjomba aliyevunjika mguu. Kisha inaletwa togwa. Ukisema una haraka, umeharibu. Ukinywa kidogo ukaacha, umeharibu pia. Niliwaandikia Dar kwamba kwa siku nitaweza nyumba mbili, tatu nikibahatika, wakanijibu kwamba mimi ni mtaalamu na wananiamini nitabana muda. Nyoo! Mtu anayekuambia anakuamini kwa sauti ile ujue hajasoma ulichomwandikia.

Halafu kulikuwa na hili la kufikiri kwa sauti. Kwenye kazi yetu tunamwomba mtu aseme yote yanayompitia kichwani wakati anatumia simu: natafuta hiki, sikioni, sijui hiki ni nini. Dar watu wanaongea mpaka unatamani wanyamaze. Huku kwetu, mtu mzima akianza kuongea peke yake na simu mkononi, majirani wanaitwa. Mama mmoja alinikubalia, akaishika simu, akafumba macho, nikamsikia anasali kimoyomoyo. Nilimngoja amalize. Alipofumbua macho alibonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, akaniangalia kama mimi ndiye nitakayemwambia amefaulu au amefeli. Na mimi sheria ya kazi inanitaka nikae na uso mkavu. Roho iliniuma. Huyu mama alikuwa amenichinjia kuku.

Mwisho wa kila jaribio ilikuwa lazima mtu atoe nyota, moja hadi tano, kuonyesha ameipendaje aplikesheni. Mama yule yule alinihoji mimi badala ya mimi kumhoji yeye.

"Nyota hizi anapewa nani?"

"Wanapewa walioitengeneza, mama."

"Ni vijana?"

"Ni vijana."

"Wana mama zao?"

"Wanao."

"Basi wape zote," akasema, akainuka kwenda kuipua sufuria.

Wote walitoa nyota zote. Ungetoa vipi nyota mbili kwa mgeni aliyekuja hadi nyumbani kwako, amekalia kiti chako? Kwetu hilo ni tusi. Nilijua mapema, na nikaandika hivyo kwenye ripoti kwa herufi kubwa: nyota hizi hazina maana, msiziangalie, angalieni mikono yao inafanya nini.

Mikono yao ndiyo iliyonionyesha lile jambo. Lilianzia Laela, kwa mzee mmoja mkulima anayekaa nyuma ya vibanda vya wanunuzi wa nafaka, pale mabasi ya Tunduma yanaposimama. Mzee alikuwa mwepesi, afadhali kuliko vijana wengi. Alifungua aplikesheni, akachagua mbolea ya kupandia, akachagua mifuko, akaweka kijiji chake, akabonyeza kitufe cha kutuma. Ukurasa ukageuka, likatokea neno kubwa la kijani: ASANTE. Chini yake kwa maandishi madogo iliandikwa ombi limepokelewa, na chini zaidi kulikuwa na kitufe cha KAMILISHA, ambacho ni lazima ukibonyeze ndipo ombi liende kweli. Mzee aliliangalia lile neno, akalijibu, "Haya, asante na wewe." Akaifuta simu kwa mkono wa shati, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilikaa kimya kama sheria inavyotaka. Kisha nikamuuliza, "Umemaliza, mzee?"

"Nimemaliza."

"Umejuaje kama umemaliza?"

"Si imeshashukuru?"

"Na kile kitufe cha chini ulikiona?"

"Nimekiona." Akasita, akaona nang'ang'ania, akanionea huruma. "Mjukuu wangu, mtu akishakushukuru unabaki unamuuliza nini tena? Utaonekana unadai."

Alikuwa sahihi kabisa. Kwetu, mtu akishasema asante mambo yamekwisha. Kwenye mizani mnunuzi akikushukuru unachukua magunia yako matupu unaondoka. Karani wa dirishani alikuwa anasema asante mwishoni, mkono ameshaupeleka kwa mtu wa nyuma yako. Kubaki umesimama baada ya asante ni kuonyesha kwamba unangojea kitu, na mtu mzima anayejiheshimu hangojei kitu. Vijana wale wa Dar, kwa adabu zao nzuri, walikuwa wameweka shukrani katikati ya safari.

Kuanzia pale nikawa natazama neno lile tu. Laela, Kaengesa, hata wanachama wa pale pale Malangali, wakubwa kwa wadogo, wakifika kwenye ASANTE wanashukuru, wanafunga simu. Wachache sana waliendelea, na hao walikuwa vijana wanaokaa kwenye simu mchana kutwa. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja aliniambia ni nzuri, imetusaidia, Mungu awabariki. Nilirudi chumbani nikaandika ripoti kwa hasira njema, ile ya mtu aliyegundua tatizo kabla halijaua mtu. Niliandika: ondoeni neno hilo hapo, liwekeni mwisho kabisa, baada ya kukamilisha. Ni neno moja tu. Mkiliacha hapo, wakulima wataamini wameagiza mbolea na hawataipata.

Tulikutana kwenye video. Mkuu wa wabunifu, kijana mwenye sauti laini ambayo haipandi wala kushuka, alinisikiliza hadi mwisho.

"Asante sana, dada. Kazi nzuri mno. Lakini nikuulize, mbona nyota ziko juu hivi?"

"Nimeandika ukurasa wa kwanza. Wanakuheshimu."

"Na kwenye video za majaribio wanatabasamu."

"Wanatabasamu kwa sababu mimi ni mgeni wao! Wakikwama wafanyeje, walie?"

Walicheka kule. Mimi sikuwa natania. Kijana akasema lile neno limewekwa makusudi, kwamba watumiaji wanapenda kutiwa moyo njiani, kwamba sehemu nyingine limefanya vizuri sana. Nikamwambia sehemu nyingine siyo Ufipa. Nikamwambia kuna watu ambao shamba lao linategemea mbolea hii mwaka huu, siyo mwakani. Sikumtaja mama mdogo. Kwenye kazi yetu hairuhusiwi kumjaribu ndugu yako, na niliogopa nikimtaja waseme ripoti yote ni ya kifamilia. Akasema, "Tumekuelewa, dada. Tunalifanyia kazi."

Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu yangu, na alama ya tiki ya kijani: suala la ukurasa wa Asante limerekebishwa. Niliruka kitandani kama mtoto. Nikaomba niijaribu tena na watu wachache kabla haijaachiwa, nihakikishe. Wakasema ratiba imebana. Nikaomba basi wanitumie picha ya ukurasa wenyewe. Wakasema watatuma. Sikuiona picha, na kabla sijawasumbua zaidi nikapewa kazi nyingine Mpanda.

Nikiwa huko, mama mdogo akanipigia. Muda wa kuagiza ulikuwa umefunguliwa. "Mwanangu, shemeji yangu amesema aniagizie yeye kwa simu yake. Nimekataa. Ukoo ulisema nilime mwenyewe, nitaagiza mwenyewe. Hii aplikesheni yenu imepona?"

"Imepona, mama. Wamerekebisha. Fuata maandishi tu taratibu."

"Sawa, mwanangu."

Alipiga tena jioni ile, sauti imechangamka kama ya msichana, kwamba ameagiza, tena mara moja, hakukosea. Nilimpongeza. Nakumbuka nilikuwa nakula chipsi, na nilizila kwa raha.

Mvua zilianza vizuri. Lori la kampuni likapanda Kaengesa, watu wakasimama barabarani na matoroli na baiskeli. Mama mdogo alisimama nao tangu asubuhi. Wachache waliitwa wakapewa mifuko yao, wale walioagiza kwa msaada wa vijana wa nyumbani. Wengine walibaki wanaangaliana. Dereva akasema amemaliza, akageuza gari. Mama mdogo hakunipigia kulalamika. Alinipigia kunijulisha. "Gari limekuja. Labda langu ni la kesho." Kesho yake akaenda tena barabarani. Na kesho yake tena.

Nilipofika kutoka Mpanda nilimkuta jikoni akiota moto, khanga imelowa hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo na kabla sijakaa nikaomba simu yake. Ombi lilikuwepo. Mbolea ya kupandia, mifuko, kijiji, kila kitu sahihi, na juu yake maandishi: halijakamilika. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja ili nione walichorekebisha. Walikuwa wamekikuza kitufe cha KAMILISHA na kukipaka rangi ya chungwa. Lakini na ASANTE walikuwa wamelikuza, wakaliwekea picha ya mikono miwili iliyoshikana, kubwa, nzuri, imejaa kioo chote. Kile kitufe kikasukumwa chini kisikoonekana mpaka ufunue ukurasa kwa kidole. Sasa hata yule ambaye angetaka kuendelea asingekiona. Tatizo walikuwa wamelipamba.

"Ilinishukuru," mama mdogo alisema. "Niliona mikono."

"Najua, mama."

"Na wewe ulisema wamerekebisha."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa anapanga tu mambo kichwani mwake, hili lilikuja kwanza, hili likafuata, ajue ameharibu wapi. Ningefurahi angenipiga kofi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikatukana matusi ambayo sikujua ninayajua, kwa Kiswahili na Kifipa, mpaka mbwa wa jirani akanyamaza kunisikiliza.

Muda wa kuagiza ulikuwa umefungwa. Hata hivyo nilimpigia yule kijana wa sauti laini. Nilimweleza yote, safari hii na mama mdogo nilimtaja, na shamba, na ukoo. Nilisikia anabonyeza kompyuta.

"Ni kweli, dada, naona. Watu wengi wa kanda yenu walibadili mawazo."

"Nani kabadili mawazo?"

"Ndivyo mfumo unavyowaita. Mtu aliyeanza kuagiza na asikamilishe, anaingia kwenye kundi la waliobadili mawazo."

"Mama yangu hajabadili mawazo! Amesimama barabarani kwenye mvua anangoja lori lenu! Mtu aliyebadili mawazo anasimama kwenye mvua?"

Aliacha kubonyeza. Nadhani hata yeye ilimwingia. Kisha akasema kwa sauti ile ile, kwamba anasikitika sana, kwamba mbolea iliyopangwa kwa kanda yetu imeshapelekwa mikoa mingine kwa sababu huku mahitaji yalionekana madogo, kwamba wamejifunza. Na kwamba kwa kweli alikuwa amepanga kunitafuta. Wanataka utafiti kwa ajili ya msimu ujao, waelewe kwa nini watu wa Ufipa wanabadili mawazo. Mimi nawafahamu wale watu, alisema. Ningeweza kuwasaidia sana.

Nilikata simu. Unafanya nini na mtu kama huyo? Ningemtukana angenishukuru kwa maoni yangu.

Nilihangaika madukani. Nilianza na maduka yote ya pembejeo ya mjini, nikapanda basi hadi Laela, nikarudi. Mbolea ya kupandia ilikuwa imekwisha, na kwenye kila mlango niliwakuta wenzangu, wakulima wa kampuni ile ile, simu mikononi, wanaulizana lori lao limepotelea wapi. Watu wangu wa majaribio walikuwemo. Mama wa kuku alikuwemo. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi, akaniuliza kama wale vijana walizipata nyota zao. Nilimwambia walizipata. Mwishoni nilirudi Kaengesa na mfuko mmoja uliopasuka, umelowa upande, wa kutosha bustani ya mboga.

Mama mdogo aliumwaga kwenye beseni, akayapasua madonge kwa vidole, akapanda nao mistari michache karibu na nyumba. Kwingine alipanda hivyo hivyo. Sikumkataza. Alijua na mimi nilijua. Mahindi yalitoka, yakasimama vizuri kwa muda, halafu manjano ikaanza kwenye majani ya chini ikawa inapanda. Kila nilipokwenda aliniambia, "Yatachangamka, ni mvua tu imezidi." Aliacha kunipeleka shambani. Alinikaribisha ndani, akafunga mlango wa upande ule, akaniuliza habari za mjini.

Ripoti ile ninayo bado. Huwa siifungui, maana kila kitu kimeandikwa mle, mpaka sentensi ya wakulima kuamini wameagiza mbolea na wasiipate. Watu wanafikiri kutojua ndiyo balaa. Mimi nilijua, nikasema, nikaandika, nikapigia mstari, nikasifiwa kwa kazi nzuri. Sijui ni kitu gani kingine mtu anaweza kufanya. Nikilala huwa najaribu kukitafuta hicho kitu kingine, sikipati, na usingizi nao siupati. Utafiti wao niliukubali, kama mnataka kujua. Nisipoufanya mimi wataleta mwingine atakayewaamini watu wakisema ni nzuri. Lakini siamini tena kwamba kuna atakayesoma.

Baada ya mavuno, kama tunaweza kuyaita mavuno, shemeji alikuja na ng'ombe wa kulimia na plau, ardhi ikiwa bado na unyevu. Alikuja na wanawe. Alibisha hodi, akamwamkia mama mdogo kwa heshima kama siku zote, akakaa. Hakuna aliyelitaja lile neno la sebuleni. Mama mdogo akasonga ugali wa ulezi, akapika maharage, akawapelekea shambani yeye mwenyewe, kichwani, na mimi nikambebea maji ya kunawa. Walikuwa wameshageuza sehemu kubwa, mabua ya manjano yamelala chini ya udongo. Tulisimama pembeni ya shamba tukawanawisha mikono mmoja mmoja.

Shemeji alikula vizuri. Alipomaliza aliinuka, akautazama mteremko wa upande wa kijito, akamgeukia mama mdogo kwa sauti ya mtu anayetaka ushauri kweli. Alimuuliza, upande ule huwa unakubali nini, mahindi au ulezi?

Mama mdogo alikuwa anakusanya sahani. "Shamba ni lako, shemeji," alisema. "Mimi wa kuulizwa nini?"